Gregoriani Moja na Noeli ya Esztergom

Wapenzi wa muziki wa kanisa wana kauli yao ya kumalizia ubishi. Ikizuka hoja ya ngoma, ya kinanda cha umeme au ya vigelegele wakati wa Utukufu, atasimama mtu, mara nyingi aliyepitia seminari ndogo, aseme: Gregoriani ni moja. Ilitoka Roma, ikaenea kote, haina kabila wala nchi, ikaimbwa vilevile toka Ureno hadi Hungaria kwa miaka elfu, mpaka watu wa leo walipoivuruga. Hapo wengine huinamisha vichwa. Nani atabishana na miaka elfu?

Nitabishana mimi, na nitaanzia hukohuko Hungaria, kwa sababu ndiyo nchi inayotajwa kuwa mwisho wa ramani: ikiwa hata kule waliimba vilevile, kesi imekwisha. Nitachukua kipindi cha Noeli, toka Majilio hadi Epifania, maana ndipo ushahidi ulipojaa na ndipo kauli hii inapoumbuka zaidi.

Kwanza niitendee haki. Haikutoka hewani. Mkristo wa Sevilla au Paris ambaye angejikuta Esztergom usiku wa Noeli katika karne ya 14 angesikia maneno anayoyajua. Misa tatu za sikukuu hiyo, ya usiku wa manane, ya alfajiri na ya mchana, zilifunguliwa kwa antifona zilezile: Dominus dixit ad me, Lux fulgebit, Puer natus est nobis. Hata melodi angezitambua kwa umbo lake. Ni kweli pia kwamba Hungaria ilichelewa kubatizwa. Abasia ya Pannonhalma ilianzishwa mwaka 996. Mfalme Stefano wa Kwanza alivikwa taji Noeli ya mwaka 1000, au siku ya kwanza ya mwaka 1001. Jimbo kuu la Esztergom likafuata mara moja. Kabla ya kizazi hicho hapakuwa na shule ya kanisa wala kitabu cha kwaya cha kuzungumziwa. Vitabu vililetwa na wageni. Kutokana na hayo wanahitimisha: kilichokuja kama nakala kilibaki nakala, na pale nakala ilipotofautiana na asili, aliyeandika alikosea.

Imepangwa vizuri. Tuifungue.

1. Roma ipi?

Asili lazima iwe na mahali. Wanasema Roma, twende Roma. Kitabu cha kale zaidi cha nyimbo za misa, chenye nota, kilichobaki kutoka makanisa ya mji wenyewe, ni cha mwaka 1071, cha kanisa la Santa Cecilia pale Trastevere. Kifungue kwenye Noeli. Maneno ni yaleyale. Melodi ni nyingine. Wala si tofauti ya nota mbili tatu ambayo mtu angeisingizia macho ya mwandishi mzee. Ni mtindo mwingine wa kuimba, wenye mapambo yake na mwendo wake. Vimebaki vitabu vitano vya mtindo huo, vya karne ya 11 hadi ya 13. Kwa maneno mengine, wakati Esztergom inaimba kile tunachokiita wimbo wa Kirumi, mapadre wa Roma, ndani ya Roma, wanaimba kitu kingine kabisa.

Basi hiki cha Esztergom kilitoka wapi? Tarehe 6 Januari 754, sikukuu ya Epifania, Papa Stefano wa Pili alikutana na Pippin, mfalme wa Wafaranki, huko Ponthion, baada ya kuvuka milima ya Alpi wakati wa baridi. Papa alitaka askari wa kumsaidia dhidi ya Walombardi. Wafaranki nao walitaka heshima ya Roma, na pamoja na heshima hiyo walichukua liturujia yake. Waimbaji wao wakajifunza nyimbo za Kirumi kwa masikio, kwa kuwa nota hazikuwapo. Wakazikumbuka kwa namna yao, wakachanganya na walivyozoea kuimba, wakazipanga katika mfumo wa sauti nane. Matokeo wakayapa jina la Papa Gregori, aliyefariki mwaka 604, kiasi cha miaka mia tatu kabla ya kitabu kamili cha nota cha kale zaidi tulicho nacho. Jina liliwafaa. Lilikuwa la mtu mtakatifu, tena marehemu, asiyeweza kukana.

Hii si siri ya wapinzani wa Kanisa. Imo katika vitabu vya kawaida vya historia ya muziki. Ajabu ni kwamba anayekemea mchanganyiko katika kwaya ya parokia anasimama juu ya mchanganyiko mkubwa kuliko wote, uliofanywa na Wafaranki kwa mahitaji ya Wafaranki.

2. Mnakili hachagui

Katika sala ya usiku, kila baada ya somo huimbwa kiitikizano. Kanisa kuu lilikuwa na masomo tisa siku za sikukuu na Jumapili; wamonaki walikuwa na kumi na mawili. Kwa Jumapili nne za Majilio hiyo ni orodha ndefu ya nyimbo, na hakuna aliyetumwa na papa kusema ipi ianze na ipi ifuate. Kila kanisa lilipanga. Mbenediktini Mfaransa, René-Jean Hesbert, alilinganisha orodha hizo katika maandiko ya mkono yapatayo mia nane, akitafuta asili ya vyote. Kazi aliyotuachia leo inatumika kwa jambo la kinyume: mtaalamu akiletewa gombo lisilo na jina wala tarehe, anasoma viitikizano vya Majilio na kukisia jimbo lililokitumia kitabu hicho.

Kikundi cha watafiti wa Budapest, wakiongozwa na László Dobszay na Janka Szendrei, walifanya kazi hiyo kwa makanisa ya Ulaya ya kati, jimbo kwa jimbo: Salzburg, Prague, Esztergom, Kalocsa na Zagreb. Kilichojitokeza ni hiki. Majimbo ya ufalme wa Hungaria, hata yale yaliyotenganishwa na safari ya siku nyingi, yalikuwa na mpangilio wa pamoja unaojulikana, wenye tofauti ndogo za Esztergom, za Kalocsa na Zagreb, na za Transilvania. Mpangilio huo si wa Salzburg wala si wa Prague, ambao ni majirani na ndiko walikotoka baadhi ya walioleta vitabu vya kwanza.

Kwa hiyo mahali fulani, katika karne ya 11 au ya 12, kuna watu walioketi na vitabu vya wageni mezani, wakasema hiki tunakichukua, hiki tunakiacha, hiki tunakihamishia Jumapili ya tatu. Waliyafanya hayo kwa ajili ya ufalme mzima, na kazi yao ikadumu zaidi ya miaka mia nne. Mtu anayefanya hivyo haitwi mnakili. Anaitwa mhariri, na kwa kawaida tunampa heshima ya kudhani alijua anachofanya.

3. Makosa yanayokubaliana

Sasa tuingie kwenye melodi yenyewe, na msomaji aliyewahi kuimba kwa do-re-mi atanifuata bila shida. Kuna mahali pengi ambapo vitabu vya Ufaransa na Italia vinapanda hadi ti kisha vinarudi, au vinagusa mi. Mahali hapohapo vitabu vya Hungaria vinapita juu na kutua kwenye do, au kwenye fa. Nusu-sauti inakwepwa, mruko unakuwa mpana. Mtu akiimba matoleo hayo mawili kwa zamu atasikia wimbo mmoja ukiwa na nyuso mbili: mmoja unateleza, mwingine unaruka.

Mtetezi wa Gregoriani moja ana jibu jepesi: wa mashariki walikosea kunakili. Lakini Peter Wagner, ambaye alikuwa mjumbe wa tume ya Vatikani iliyosimamia vitabu vya mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye hatuwezi kumshuku kuwa adui wa Gregoriani, aliona kwamba miruko hiyo ni ya Wajerumani wote na majirani zao wa mashariki. Kati ya 1930 na 1932 alichapisha kitabu cha kale cha nyimbo za misa cha kanisa la Mtakatifu Thomas, Leipzig, ili watu waione. Iko Leipzig, iko Prague, iko Kraków, iko Esztergom. Mwandishi mmoja akikosea ni kosa. Waandishi wa nchi nne wakikosea mahali pamoja, kwa namna moja, kwa karne nne, huku walimu wao wakiwasikiliza kila siku na kutowarekebisha, tutahitaji neno jingine. Wagner alisema ni lahaja, na sisi wa Kiswahili hatuhitaji kufundishwa hilo. Mzee wa Mombasa akisema ndia badala ya njia hajakikosea Kiunguja. Anasema Kimvita.

Watu wanaopenda lugha ya usafi hawapendi mfano huo, kwa sababu ukikubali kuwa kuna lahaja lazima pia ukubali kuwa hakuna mahali ambapo wimbo ulikuwepo bila lahaja. Hata Ufaransa.

4. Waliochelewa walipotangulia

Hapa sitakaa sana. Inasemekana ukingoni mambo hufika kwa kuchelewa. Guido wa Arezzo alieleza uandishi wa nota juu ya mistari katika robo ya pili ya karne ya 11. Hungaria ilikuwa bado inaandika alama bila mistari mwanzoni mwa karne ya 12, kama inavyoonekana katika Codex Albensis. Lakini katika Kodeksi ya Pray, ya miaka ya 1190, ambayo ndiyo pia iliyohifadhi matini ya kale zaidi iliyosalia ya Kihungaria, hotuba ya mazishi, tayari kuna nota juu ya mistari. Esztergom ilijitengenezea mwandiko wake wa nota, ikichukua maumbo ya Lorraine, ya Ujerumani na ya Italia na kuyaunganisha kuwa kitu kipya. Wakati huo St. Gallen, ambayo kila kitabu cha muziki huisifu kama chemchemi, iliendelea kuandika bila mistari kwa karne kadhaa tena. Mwanakwaya mgeni angeweza kusoma kitabu cha Esztergom. Cha St. Gallen angelazimika kwanza kuujua wimbo kwa moyo.

Wala elimu hiyo haikuwa ya makanisa makuu peke yake. Kijana László Szalkai alikuwa mwanafunzi katika shule ya mji mdogo wa Sárospatak mwaka 1490, na madaftari yake yamebaki: yana somo zima la nadharia ya muziki wa kanisa. Alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Esztergom, akauawa katika vita vya Mohács mwaka 1526.

5. Wengine wasishangilie mapema

Najua nimewafurahisha watu nisiowakusudia. Kuna kauli pacha ya ile ninayoipinga, na inapatikana hukohuko Hungaria: kwamba miruko ile mipana ni kumbukumbu ya nyika za Asia, kwamba nyimbo za kale za wakulima alizozikusanya mtunzi Kodály ni za sauti tano, na za kanisa zimepita njia hiyohiyo ya damu, hivyo Noeli ya Esztergom ni roho ya Kimagyar iliyovaa kanzu ya Kilatini. Inapendeza masikioni, hasa ya wanasiasa.

Ubaya wake ni kwamba miruko hiyohiyo iko Leipzig, na hakuna mtu aliyewahi kumpandisha Mjerumani wa Saksonia juu ya farasi wa nyika ili kuieleza. Kufanana kwa nyimbo za wakulima na za kanisa ni swali la haki, na watafiti wa Hungaria wamelishughulikia kwa makini. Lakini jibu la damu linaharibu kile hasa kinachostahili kusifiwa. Kazi ya kuchagua na kupanga ilifanywa na makasisi wa mataifa mbalimbali, kwa Kilatini, katika ufalme uliokuwa na Waslavi, Wajerumani na Wahungaria pamoja. Angalia pia vitabu vilipo leo. Codex Albensis iko Graz. Agenda ya Askofu Hartvik iko Zagreb. Misale yenye nota ya Esztergom, iliyoandikwa kabla ya mwaka 1341, iko Bratislava. Antifonari kubwa ya mnamo 1360 iko Istanbul, katika maktaba ya kasri la Topkapı. Anayetaka kuufanya urithi huu mali ya taifa moja aanze kwa kupanga safari ya nchi nne.

Kauli hizi mbili hudhani zinapingana. Zote zinataka wimbo uwe na chanzo kimoja safi. Zinagombania anwani tu.

6. Utulivu unaouzwa

Mwaka 1994 wamonaki wa Santo Domingo de Silos, Hispania, waliuza mamilioni ya nakala za nyimbo zao, na tangu hapo dunia imekubaliana kwamba Gregoriani ni dawa ya usingizi yenye mwangwi. Ndiyo maana rekodi za Noeli ya Hungaria zilizofanywa na Schola Hungarica, kwaya iliyoanzishwa na Dobszay na Szendrei mwaka 1969, huwashangaza watu. Zina wanawake. Zina watoto. Sauti ziko wazi, zinatembea, hazinong'oni. Mashabiki wa wimbo mmoja hulalamika: hivi sivyo ilivyokuwa.

Ilikuwaje, basi? Kweli, wanawake hawakuimba katika kwaya ya kanisa kuu. Watawa wa kike waliimba katika nyumba zao. Lakini watoto waliimba kila mahali palipokuwa na shule, maana wanafunzi ndio waliokuwa nguvu ya kwaya. Sauti ya wanaume watu wazima peke yao, nzito na ya taratibu, tunayodhani ndiyo Zama za Kati, inawakilisha abasia. Liturujia ya Esztergom ilikuwa ya makanisa makuu na parokia.

Na Noeli yenyewe haikuwa tulivu. Mwishoni mwa karne ya 11, Hartvik alikuwa Askofu wa Győr, yuleyule aliyeandika kisa cha maisha ya Mtakatifu Stefano mfalme. Katika Agenda yake umo mchezo wa Epifania uitwao Tractus stellae, wa kuimbwa mwanzo hadi mwisho. Mamajusi wanakutana, nyota inavutwa mbele yao, wanafika kwa Herode. Herode anauliza, wajumbe wanakwenda na kurudi, waandishi wanapekua vitabu vya manabii. Wachungaji wanahojiwa njiani. Malaika anawaonya wageni wapite njia nyingine. Yote hayo ndani ya kanisa, kwa sauti za makasisi waliogawana nafasi, mmoja wao akiwa mfalme mwenye hasira. Mchezo huo nao una ndugu zake Ujerumani. Sijasema ulizaliwa Győr. Nasema kwamba kama huo ndio muziki usio na ngoma, basi pia si muziki wa kupunguzia mawazo.

Ongeza misa ya Bikira Maria ya alfajiri katika Majilio, inayoitwa Rorate, ambayo Wahungaria waliipenda hata wakaiita misa ya dhahabu na wanaendelea kuamka gizani kwa ajili yake. Ongeza sekwensia za sikukuu: Grates nunc omnes usiku wa manane, na Laetabundus, ambayo ilivuka mipaka yote ya Ulaya. Hizi ndizo nyimbo ambazo watu wa karne ya 14 wangezitaja ukiwauliza Noeli ni nini. Hazikuwa za kale sana. Hazikutoka Roma. Zilikuwa nyongeza za wakati wao, na kanisa lilizipokea bila kuomba radhi.

7. Nani alilipa

Hapa ndipo hesabu inapokuwa chungu, na sitaipitia haraka.

Mwaka 1570 Papa Pius wa Tano alitoa misale ya Mtaguso wa Trento. Watu hudhani alifuta liturujia zote za majimbo. Hakufanya hivyo. Aliruhusu kila desturi iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka mia mbili iendelee. Esztergom ilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hiyo. Misale yake ilikuwa imeshachapishwa kwa mashine huko Nürnberg tangu 1484. Ilikuwa na haki kamili ya kubaki. Lakini Buda ilikuwa mikononi mwa Waturuki tangu 1541 na Esztergom yenyewe tangu 1543. Makanoni walikuwa wakimbizi Nagyszombat, mji ambao leo unaitwa Trnava, Slovakia. Vitabu vilikuwa vimeadimika, mapadre wachache, na vya Kirumi vilipatikana tayari vimechapishwa. Mwaka 1630, katika sinodi ya Nagyszombat chini ya Péter Pázmány, Mjesuiti na mwandishi hodari kuliko wote wa Kihungaria wa enzi yake, Kanisa la Hungaria likaacha liturujia yake na kuchukua ya Roma. Zagreb ilikataa, ikaendelea na mapokeo ya kale hadi karne ya 18.

Simlaumu Pázmány kwa kutaka vitabu. Nawalaumu wanaokieleza kitendo hicho kama Hungaria kurudi kwenye asili. Misale ya 1570 ilikuwa imebakiza sekwensia nne tu kwa mwaka mzima, na hakuna hata moja ya Noeli. Grates nunc omnes, iliyokuwa imeimbwa usiku mtakatifu kwa vizazi, ikanyamazishwa. Wakati huohuo ilikuwa hai kwa Walutheri: Martin Luther alikuwa ameijenga upya kwa Kijerumani mwaka 1524, na wanaiimba hadi leo. Yaani aliyetaka kusikia mwangwi wa misa ya usiku ya kale ilimbidi aende kwa waliotengwa.

Na kuna kinaya kikubwa zaidi. Miaka sita tu baada ya sinodi ya Nagyszombat, mwaka 1636, huko Gyulafehérvár, Transilvania, kulichapishwa kitabu kikubwa kinachoitwa Öreg Graduál. Ndani yake mna antifona, himno, zaburi na nyimbo za majira ya mwaka, Majilio na Noeli zikiwemo, kwa melodi za kale, lakini maneno ni ya Kihungaria. Aliyegharamia ni Mkuu György Rákóczi wa Kwanza. Wahariri walikuwa maaskofu János Keserűi Dajka na István Geleji Katona. Wote hao ni Wakalvini.

Soma tena kama hukuamini. Wakatoliki walizika melodi za Esztergom kwa ajili ya umoja. Wakalvini wakazihifadhi kwa ajili ya Jumapili. Watu waliovunja sanamu ndio waliotunza antifona. Baadaye nao wakachoka, zaburi za Geneva zikachukua nafasi, na hivyo pande zote mbili zikawa zimebadilisha wimbo wa nyumbani kwa wa nje, mmoja kwa heshima ya Roma, mwingine kwa heshima ya Uswisi, na zote mbili zikadai ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo.

Kauli ya Gregoriani moja haina nafasi ya kuandikia gharama hizi. Kwake hakuna kilichopotea, kwa sababu hapakuwa na kitu.

8. Miaka elfu ya tangu 1908

Inabaki swali la vitabu tulivyo navyo. Kama wimbo ulikuwa mmoja na haukubadilika, tungetegemea Roma iwe imeuchapisha vilevile muda wote. Mwaka 1614 na 1615 ulitoka Roma Graduali ya Medici, ambamo melodi zilikatwakatwa kufuata ladha ya wakati. Katika karne ya 19 kampuni ya Pustet ya Regensburg iliichapisha upya kwa hakimiliki ya papa ya miaka thelathini, ikatangazwa kuwa ndiyo halali. Hakimiliki ikaisha 1901. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi akageuza mwelekeo, akawakabidhi kazi wamonaki wa Solesmes na wenzao, na mwaka 1908 ikatoka Graduali ya Vatikani yenye melodi ndefu zilizorudishwa kutoka maandiko ya kale. Tume yenyewe iligombana. Pothier na Mocquereau, wote wa Solesmes, hawakukubaliana jinsi ya kuyatumia maandiko hayo. Kazi ilikuwa kubwa. Ila ilifuata zaidi upande wa Ufaransa na Italia, na miruko ya mashariki, ijapokuwa Wagner alikuwa mjumbe, ikaachwa nje.

Hicho ndicho kitabu kilichofika kwetu kwa jina la miaka elfu. Wabenediktini walioanzisha Peramiho mwaka 1898 walitoka shirika la St. Ottilien, Bavaria. Mababu zao wa Zama za Kati waliimba kwa lahaja ileile ya miruko iliyoimbwa Esztergom. Lakini baada ya 1908 vitabu halali vya kufundishia vilikuwa vya Vatikani. Hivyo Mbavaria akija kusini mwa Tanganyika alimfundisha Mngoni namna ya kuimba ambayo babu yake mwenyewe asingeitambua kuwa ya nyumbani, na wote wawili wakaamini wanapokea kitu kisicho na nchi.

Mtu atanijibu kwamba hoja zangu ni za wapenda mageuzi wanaotaka kukitupa Kilatini. Dobszay aliyefanya kazi hii yote alikuwa mkosoaji mkali wa mageuzi ya liturujia ya baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, akaandika kitabu kizima mwaka 2003 kuyapinga. Aliipenda misa ya Kilatini kuliko wengi wanaoitetea kwa kauli za mkato. Kwa sababu aliipenda, aliisoma. Na kwa sababu aliisoma, hakuweza kusema ilikuwa moja.

Wanaoitumia kauli hii huinukuu sana Hati ya Liturujia ya mwaka 1963, ibara ya 116, inayoipa Gregoriani nafasi ya kwanza pale mengine yakiwa sawa. Wako sahihi kuinukuu. Ibara ya 119 inayotaka muziki wa mataifa ya misioni uheshimiwe huwa hawafiki, na hilo ni zoea la zamani. Lakini hata ibara ya 117, iliyo mstari mmoja chini ya ile wanayoipenda, hawaisomi. Inaagiza kwamba vitabu vya Gregoriani vilivyotolewa tangu Pius wa Kumi vitolewe upya kwa uhakiki zaidi, maana Mababa wa Mtaguso walijua vile vya 1908 havikuwa neno la mwisho.